Bi Haselwanter Anakusalimu

Valgrein, Jumapili, 9 Februari 1958

Wifi yangu Burgl,

Nimefika salama, kwa hiyo acha kumsumbua Mungu kwa ajili yangu na umwombee mguu wako. Treni ilikwama bondeni kwa sababu ya theluji, tukakaa tunatazamana na abiria wenzangu kama watu waliofumaniwa. Baadaye tukapandishwa basi. Unakumbuka kaka yako alivyokuwa akigombana na kondakta kila mwaka kuhusu skii zetu, zile mbao ndefu zisizoingia basini, na wewe unageukia dirishani kujifanya hutujui? Safari hii kondakta alizipokea skii zangu bila neno, akazifunga juu, akanishika mkono nipande. Nilikaa nikingoja mtu aanze kubishana.

Hoteli ya Gamshof imepakwa rangi upya. Mzee Moosbrugger hakai tena mapokezi, yuko chumbani kwake juu na hatambui watu vizuri. Anayeendesha hoteli ni mkwe wake, Bi Moosbrugger, mwanamke wa haraka haraka mwenye funguo kiunoni. Aliniuliza kama nimewahi kufika Valgrein. Nikasema ndiyo, mara kadhaa. Sikujua nianzie wapi. Ningemwambia kwamba mume wangu alifundisha skii hapa kabla yeye hajazaliwa? Kwamba nilikuja na wasichana wenzangu wa shule, nikaanguka mbele ya mwalimu Vinzenz Praxmarer mara nyingi hadi akadhani nafanya makusudi? Alikuwa na wageni wengine wanaongoja nyuma yangu.

Picha za wale wazee waanzilishi wa skii, wenye fimbo moja ndefu na ndevu za barafu, bado zimetundikwa juu ya ngazi. Lakini ile picha ya walimu, ambamo Vinzenz amesimama wa mwisho na kofia imemfunika jicho, imehamishiwa korido ya kukaushia viatu. Inanuka soksi. Angecheka.

Nimepewa meza karibu na nguzo, upande wa mlango wa jikoni. Ina joto. Wahudumu wakipita wananiletea upepo wa vitunguu. Chakula ni kile kile, supu yenye matonge ya ini na jibini linalovutika hadi kidevuni.

Usinung'unike kwamba umeniacha nije peke yangu. Wewe ndiye uliyenisukuma mlangoni kwa gongo. Niandikie unaendeleaje, na usidanganye.

Wifi yako,
Ottilie


Linz, Alhamisi, 13 Februari 1958

Wifi,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kwa macho na mara ya pili kwa miwani, na mara zote mbili sikuona mahali uliposema umezungumza na mtu. Kondakta hahesabiki. Picha haihesabiki.

Mimi sijambo. Plasta inawasha, na nimegundua kwamba sindano ya kufumia inafika hadi kwenye goti ukiwa na subira. Daktari alikuja akagonga mguu kama anayechagua tikiti maji, akasema bado. Wanakwaya wenzangu walipita Jumapili kunifariji. Waliimba wakiwa wamejaa jikoni, na mama wa ghorofa ya juu akapiga sakafu kwa ufagio. Nilifarijika walipoondoka.

Kwa chakula usiwe na wasiwasi. Bwana Stadlbauer, mwoka mikate wa chini, analeta mkate mwenyewe, hamtumi mtu. Nikamwambia, "Bwana Stadlbauer, tanuri halitaungua na wewe uko huku?" Akasema tanuri sasa ni la mwanawe, yeye amebaki wa kupeleka. Basi hayo ndiyo ya hapa, hakuna jipya.

Sasa nisikilize. Ulipofiwa ulikaa nyumba hii majira yote ya baridi ukitazama ukuta, na mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nautazama ukuta huo huo. Yule alikuwa mume wako, lakini alikuwa kaka yangu pia. Sikukutuma Valgrein ukatazame nguzo. Tafuta mtu wa kukaa naye mezani, awe mwanamke, awe mwanamume, awe hata Mprusia wa Ujerumani. Nikisikia unakula peke yako nitapanda treni na plasta yangu na magongo yangu, na utanibeba wewe kutoka kwenye basi.

Burgl


Valgrein, Jumatatu, 17 Februari 1958

Wifi yangu mkorofi,

Umeshinda. Sili peke yangu tena. Ulidhani nitakupa nafasi ya kuja kuniaibisha na magongo?

Anaitwa Bi Haselwanter, anatoka Bregenz, mjane wa daktari wa meno. Ni mnene na ana sauti ya kuita ng'ombe. Alikuja mwenyewe hadi kwenye nguzo yangu na sahani yake ya supu mkononi akasema, "Bibi, pale nilipo kuna mtoto anayepiga teke. Hapa kuna nafasi?" Tangu hapo hatujaachana. Kwenye karata anaiba waziwazi, na ukimwambia anaapa kwa marehemu mumewe. Anavaa kofia yenye unyoya wa kwale hata wakati wa kifungua kinywa. Ungemchukia siku ya kwanza, na siku ya pili mngekuwa mnanicheka wote wawili.

Jana tulipanda pamoja kwenye kiti cha waya, kile kinachoning'inia hewani, hadi juu ya mlima. Anaogopa urefu, alinibana mkono mpaka nikapata alama. Tulishuka kwa mteremko wa wanafunzi, polepole, tukipitwa na watoto wa shule. Bi Haselwanter alianguka, akanivuta na mimi, tukalala pale tukicheka kama wendawazimu.

Theluji ni nzuri, kavu, inalia chini ya kiatu. Asubuhi watu wote wanapanda mlimani na hoteli inakuwa kimya hadi unasikia saa ya korido na mtu akisugua sufuria huko jikoni. Mchana jua linapiga kwenye benchi nyuma ya kanisa dogo, na kutoka pale unaona mteremko wote wa Hochalp na kila anayeshuka. Lakini sisi mchana hatupo, tuko juu na wenzetu.

Kwa hiyo baki na mguu wako. Mshukuru Bwana Stadlbauer kwa mkate. Bi Haselwanter anakusalimu.

Ottilie


Linz, Alhamisi, 20 Februari 1958

Kwa Bi Moosbrugger, Hoteli ya Gamshof, Valgrein

Bibi mpendwa,

Wifi yangu, Bi Ottilie Praxmarer, ni mgeni wenu, na Jumanne ijayo ni siku yake ya kuzaliwa. Hatasema. Nakuomba umwokee keki ya tufaha na kuipeleka mezani kwake baada ya chakula cha jioni, pamoja na uma mbili, moja yake na nyingine ya rafiki yake Bi Haselwanter wa Bregenz. Gharama nitaituma kwa posta. Usiwaambie mapema.

Kwa heshima,
Notburga (Burgl) Praxmarer


Valgrein, Jumamosi, 22 Februari 1958

Bibi Praxmarer mheshimiwa,

Keki tutaioka kwa furaha. Lakini kuhusu uma ya pili nimeona vibaya kunyamaza. Gamshof haina mgeni anayeitwa Haselwanter, na msimu huu hatujapokea mtu yeyote kutoka Bregenz. Niliwauliza hata wenzangu wa hoteli ya chini, nikidhani labda ni rafiki wa nje.

Wifi yako anakula peke yake asubuhi na jioni. Niliwahi kumwuliza kama angependa nimhamishie kwenye meza ya walimu wawili wa Graz, watu wazuri, akasema asante, hataki kuwasumbua. Kila asubuhi anachukua skii zake begani, anatuaga, anaondoka na wengine. Mume wangu ndiye anayezipanga skii jioni. Anasema za Bi Praxmarer zinarudi kavu. Juzi nilipita nyuma ya kanisa nikamwona kwenye benchi, skii zimeegemezwa ukutani, anaangalia watu wakishuka. Nilimpungia mkono, akanipungia, kisha akasimama haraka kama anayetaka kuondoka.

Si kazi yangu kuingilia. Ni mgeni mpole, halalamiki hata kwa kitu kinachostahili kulalamikiwa. Ila nikikaa kimya halafu likatokea jambo, sitajisamehe. Labda ungemwita nyumbani, au wewe ungekuja ukiweza. Chumba kipo.

Wako mwaminifu,
Kreszenz Moosbrugger


Linz, Jumatano, 26 Februari 1958

Wifi yangu,

Jana ilikuwa siku yako. Natumaini ulikula vizuri.

Nina jambo, na nimechana karatasi mbili kabla ya hii. Bwana Stadlbauer ameniposa.

Acha kucheka. Alikuja na mkate wa zabibu, akauweka mezani, akasimama nyuma ya meza kama yuko dukani kwake. Akasema, "Bi Burgl, duka nimemwachia mwanangu. Nina nyumba Gmunden, kando ya ziwa. Vyumba ni vingi na mtu ni mmoja." Nikamwuliza, "Hiyo ni posa au tangazo la chumba cha kupanga?" Akawa mwekundu hadi masikioni. Akasema, "Ni posa. Posa ya pili maishani sijui inavyofanywa." Mwanamume wa umri ule, amesimama na unga kwenye kola. Nikamwambia nitafikiri.

Nilifikiri tangu Ijumaa. Ottilie, mimi nimeimba kwenye harusi za watu tangu nikiwa na nywele nyeusi. Sikuwahi kudhani kuna mtu atapanda ngazi kwa ajili yangu. Kilichonizuia ni wewe. Nilijiambia, siwezi kumwacha wifi yangu na vyumba vile na makoti ya Vinzenz. Lakini barua zako zimenipa moyo. Umempata mtu, unacheka, unateleza kwenye theluji tena. Kama umeweza huko, utaweza na hapa.

Kwa hiyo jana nimemwambia ndiyo. Tutafunga ndoa baada ya Pasaka, bila makelele, kisha tutahamia Gmunden.

Nisalimie Bi Haselwanter. Nimefurahi sana una mtu.

Burgl


Valgrein, Jumamosi, 1 Machi 1958

Wifi mpenzi, au niseme Bi Stadlbauer,

Sikucheka. Nilisoma barua nikiwa nimesimama mapokezi, nikamwomba Bi Moosbrugger glasi ya divai kabla ya chakula cha mchana, akanitazama kama nimeomba bunduki.

Ni mtu mzuri. Nimemwona kanisani anavyoimba chini chini ili asiharibu sauti zenu. Mwambie mimi, kama mkubwa wa upande wa bibi harusi, nimeridhia, na kwamba akikutesa nitakuja Gmunden na skii nimchape nazo. Vaa ile nguo ya kijani. Usivae kahawia, unafanana na kabati.

Asante kwa keki. Ililetwa na mshumaa, watu wa meza za karibu wakapiga makofi. Tuliimaliza yote, mimi na Bi Haselwanter. Nilipomsomea habari yako alilia kwa furaha, na hakujui hata sura. Yuko hivyo.

Usifikirie vyumba. Vyumba ni vyumba. Nitakaa hapa hadi katikati ya mwezi, theluji bado ipo na hoteli imeanza kupungua watu.

Wako,
Ottilie


Linz, Jumanne, 4 Machi 1958

Ottilie,

Hakuna Bi Haselwanter.

Nilijua kabla sijamjibu Stadlbauer. Bi Moosbrugger aliniandikia kwa sababu ya keki, nia yake ilikuwa njema, usimkasirikie. Barua yake ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu wakati nasema ndiyo. Nilikuwa naigusa na kidole wakati nasema. Nilijua kwamba uko kwenye benchi nyuma ya kanisa, na bado nikakaa nikakuandikia nisalimie Bi Haselwanter.

Unajua kwa nini? Kwa sababu ningekuuliza, ungelazimika kunijibu, na jibu lako lingenibakiza hapa. Nilimtaka yule mwanamke kuliko wewe ulivyomtaka. Niliona hata unyoya wake wa kofia. Usiku nilikuwa namshukuru.

Halafu jana ikafika barua yako. Umeridhia, umenitania kuhusu nguo, umeniambia mmemaliza keki. Nikaona umekaa pale chini ya nguzo, watu wanakupigia makofi, na uma ile nyingine iko mbele yako safi. Sikuweza kula mkate wa Stadlbauer. Aliniuliza nina nini, nikamwambia plasta inawasha.

Sasa nakuuliza, na safari hii nijibu kweli. Nimekuwa nawe tangu Vinzenz alipokuleta nyumbani na lile sanduku lako bovu. Tumemzika pamoja. Ukiandika neno moja tu, "baki," nitamwambia Stadlbauer hapana, na sitakulaumu leo wala kesho. Yeye ataumia, lakini ana mwana, ana ziwa lake. Wewe una nani?

Naomba ujibu upesi.

Burgl


Valgrein, Jumamosi, 8 Machi 1958

Burgl,

Barua yako ilifika Alhamisi asubuhi. Kwanza nilikasirika. Nilimkasirikia Bi Moosbrugger, nikapita mbele yake bila salamu, kisha nikarudi nikamwomba radhi, naye akanipa kahawa jikoni kwake. Halafu nikakukasirikia wewe. Si kwa kunyamaza. Nilikukasirikia kwa kumwua Bi Haselwanter, maana nilikuwa nimemzoea.

Nilimtunga kwa sababu ulisema utakuja na magongo, na ninakujua, ungekuja. Lakini baada ya hapo nikawa namwongezea mwenyewe. Asubuhi nikivaa viatu nilikuwa nawaza leo atasema nini. Hayo ndiyo maisha niliyokuwa naishi hapa. Bi Moosbrugger hakukudanganya hata kidogo.

Nitakuambia kuhusu skii, sijamwambia mtu. Siku ya kwanza nilipanda kiti cha waya hadi juu ya Hochalp. Nikafunga skii, nikasimama ukingoni, na nikagundua kwamba sijawahi kushuka mlima huu bila kutazama mgongo wa Vinzenz. Tangu nilipokuwa msichana, alikuwa anatangulia na mimi nafuata alama zake. Anapokata kona, nakata. Sikuwahi kuchagua njia mwenyewe. Nilisimama pale, mbele yangu hakuna mgongo, ni weupe tu. Nikafungua skii nikarudi chini kwa kiti kile kile, nikiwa nimekaa nimeelekea bonde, na wote waliokuwa wanapanda wananiona. Sikurudi tena juu. Nilienda kwenye benchi.

Alhamisi mchana, na hasira zangu, nikarudi. Sijui nilitaka kumwonyesha nani. Nilishuka vibaya, Burgl. Nilikwenda upande upande kama mlevi anayetafuta mlango. Kwenye uzio wa malisho nikaanguka na theluji ikaniingia shingoni. Mwalimu mmoja kijana akasimama akauliza, "Mama, uko pamoja na nani?" Nikamwambia, "Niko peke yangu." Ni mara ya kwanza kulisema kwa sauti tangu nifike. Akasema, "Basi pinda magoti zaidi," akaondoka na wanafunzi wake.

Nikafika chini. Hakukuwa na mtu wa kumwambia nimefika. Nilisimama kidogo karibu na nyumba ya mashine ya viti vya waya, watu wakinipita wakiitana majina, kisha nikaenda kula supu. Kuliniuma, na kunauma bado. Sitaki udhani kwamba nimepona kwa kushuka mlima mmoja.

Umeniuliza nina nani. Sina mtu, zaidi yako. Na wewe unakwenda Gmunden.

Nililiandika lile neno lako. Jana nililiandika peke yake katikati ya karatasi, nikalitazama hadi chakula cha mchana. Lilikuwa ni la kweli. Kama ningekutumia, ungebaki, ungenipikia, ungenitania kama kawaida, na kila mara mwana wa Bwana Stadlbauer akipandisha mkate mimi ningekuwa naangalia uso wako. Nimelitia motoni ndani ya jiko la vigae.

Olewa, wifi. Usivunje ahadi kwa ajili yangu na usiicheleweshe pia. Nitakuja na treni ya Jumamosi ijayo. Nitaipanua ile nguo ya kijani kiunoni, umenenepa kwa mikate. Nitasimama upande wako kanisani, na nitakusaidia kufunga mizigo.

Chukua kabati la mama yenu, ni haki yako. Chukua redio, Stadlbauer hasikii vizuri na mtahitaji kelele. Makoti ya Vinzenz niachie, nitayatoa mwenyewe nikiwa tayari. Kwenye meza ya jikoni niachie kiti kimoja tu. Vikiwa viwili, nitakuwa nakungoja.

Ottilie